Mlango wa Félicité: kumtumikia yule asiye wa kanisa letu



Mwezi uliopita tulikaa matangani kwa mama mmoja wa kartiye yetu. Alikuwa mjane, mzee, hana mtoto hata mmoja hapa Rwanda. Aliugua majuma matatu. Kwenye njia inayopita mbele ya nyumba yake kuna makanisa manne, na kila Jumapili kwaya zinasikika mpaka kule bondeni. Lakini kanisa alilokuwa anasali tangu utoto wake kule Kongo halina tawi hapa kambini. Basi jina lake halikuwa katika daftari la mtu yeyote.

Kikundi cha akina mama na akina baba wa kanisa moja kilipita na sabuni na unga kuwatembelea wagonjwa wao. Kilipita mlangoni kwake mara mbili, kikaenda nyumba ya tatu. Aliyekuwa anamchotea maji ni kijana wa Kiislamu, jirani yake. Siku ya mazishi makanisa yote manne yalifika, na kila moja lilitaka kwaya yake iimbe kwanza.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulikuwa ndani ya kile kikundi cha sabuni. Tunasema wazi, tusijifiche. Hatukumchukia yule mama. Hatukumwona tu. Daftari letu lilikuwa na majina ya watu wetu, na yeye hakuwa mtu wetu.

Jambo hilo limetusumbua. Ndiyo maana mwezi huu tumeona tuwaletee habari za mama mwingine, wa mji ambao wengi wetu tunaujua vizuri, mji wa Gisenyi. Huyo naye alikuwa na mlango, na watu walikuja kugonga. Alichofanya kinastahili kusimuliwa katika kila nyumba ya kambi hii, hata kwa watoto.

Mji tulioingilia

Gisenyi, ambayo tangu mabadiliko ya mikoa na wilaya ya mwaka 2006 iko katika Wilaya ya Rubavu, ni mji wa pembeni mwa Ziwa Kivu. Ukisimama Petite Barrière, mguu mmoja unaweza kuwa Rwanda na mwingine Goma. Wengi wetu tuliingia kwa njia hiyo, tukiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Wengine walilala Nkamira kabla ya kupelekwa kambini.

Mpaka ule umeona mengi. Mwezi wa saba 1994, watu zaidi ya laki 8 walitoka Rwanda wakaingia Goma katika siku chache tu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kati yao. Tarehe 17 Januari 2002 mambo yaligeuka. Volkano ya Nyiragongo ilipasuka, moto wa lava ukapita katikati ya Goma, na mamia ya maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Gisenyi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipasuka tena, na maelfu wakavuka tena, wengine wakiwa na nguo za kulalia.

Kwa hiyo hapo mpakani hakuna mtu anayeweza kusema kwamba yeye ni mwenyeji siku zote. Aliyepokea jana, kesho anapokelewa. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wakimbizi tunaielewa methali hiyo kuliko watu wengi, maana tumekuwa pande zote mbili.

Félicité alikuwa nani?

Katika mji huo aliishi Félicité Niyitegeka. Alizaliwa mwaka 1934. Alikuwa Mkatoliki, mmoja wa Auxiliaires de l'Apostolat, yaani wanawake walei waliojitoa kwa Mungu, hawaolewi, lakini wanaishi na kufanya kazi katikati ya watu. Si masista wa kukaa ndani ya ukuta. Félicité alifanya kazi Centre Saint-Pierre, nyumba ya kanisa pale Gisenyi. Kazi yake ilikuwa ya kila siku: kupokea watu, kuangalia vyumba, kujua nani amefika na nani amekosa chakula. Mwaka 1994 alikuwa amekaribia au kufikia miaka 60. Kwa umri huo, wengi wetu tungesema sasa ni wakati wa kupumzika.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi wa nne mwaka huo, Gisenyi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuingia damu. Watu walikimbilia Centre Saint-Pierre. Félicité alikuwa Mhutu. Waliokuwa wanasakwa ni Watutsi. Kwa hesabu ya siku zile, hawakuwa watu wake. Angeweza kufunga mlango na kusema kwamba nyumba ni ya kanisa, si yake, kwamba hana ruhusa, kwamba hakuna nafasi. Sababu za kufunga mlango hazikosekani kamwe.

Yeye alifungua. Aliwaficha, akawalisha. Kwa kuwa Goma ilikuwa karibu, aliwasaidia baadhi yao kuvuka mpaka na kuokoka. Tuelewe vizuri maana yake. Leo tunavuka Petite Barrière na karatasi mkononi. Siku zile kila njia ilikuwa na vizuizi, na mtu aliyekamatwa akimficha mwingine aliweza kuuawa pamoja naye.

Ujumbe wa kaka yake

Félicité alikuwa na kaka yake, kanali katika jeshi la wakati ule. Kaka alijua kwamba dada yake anaficha watu na kwamba wauaji wameshajua. Akamtumia ujumbe aondoke pale, aokoe maisha yake. Njia ilikuwepo, na mwenye mamlaka ya kuifungua alikuwepo.

Félicité akamjibu kwa barua. Alimshukuru kaka yake kwa kutaka kumsaidia. Kisha akamweleza kwamba ana watu 43 mikononi mwake, na kwamba kuliko kujiokoa peke yake na kuwaacha, anachagua kufa pamoja nao. Akamwomba awaombee.

Tulipoisikia habari hii mara ya kwanza, tulinyamaza wote. Maana kila mmoja wetu anajua hesabu ya kukimbia. Unaanza na wa nyumbani mwako. Ukiwa na nguvu, unamchukua wa ukoo. Hakuna anayekulaumu. Félicité aliulizwa swali hilo hilo, nani ni wako, naye akajibu kwa namba: hawa 43.

Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji walifika, wakawachukua, wakawapeleka makaburini, mahali ambapo waliokuwa wanaua walipaita Commune Rouge. Hata hapo alipewa nafasi ya kujiokoa kwa sababu ya kaka yake. Akakataa. Aliuawa pamoja na wale aliowapokea.

Leo mahali pale pana ukumbusho, nao unajulikana bado kwa jina hilo la Commune Rouge. Nchi ya Rwanda imemweka Félicité kati ya mashujaa wake wa daraja la Imena, pamoja na watu kama Agathe Uwilingiyimana, aliyekuwa waziri mkuu, na wanafunzi wa Nyange waliokataa kutenganishwa kwa makabila mwaka 1997. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, jina lake linatajwa.

Makanisa yalikuwa mengi

Hapa tuseme jambo linalouma. Rwanda ya mwaka 1994 haikukosa makanisa. Watu karibu tisa kati ya kumi walijiita Wakristo. Kengele zililia, kwaya ziliimba, vitabu vya ubatizo vilijaa majina. Lakini watu waliuawa ndani ya makanisa, kule Ntarama, kule Nyamata, kule Nyarubuye. Aliyeua na aliyeuawa mara nyingine walikuwa wamesali kwenye benchi moja. Hata baadhi ya wachungaji na mapadri walihukumiwa mahakamani kwa sehemu yao. Mwezi wa kumi na moja 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya Wakristo walioshiriki. Tarehe 20 Machi 2017 Papa Fransisko naye, alipompokea Rais Kagame Vatikani, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake.

Hatuandiki haya ili kulaumu dhehebu lolote. Tunayaandika kwa sababu yanatufundisha kwamba daftari lililojaa majina si dalili ya upendo. Mtu anaweza kujua idadi ya waumini wake wote, na bado asimjue jirani anayelia ukuta kwa ukuta.

Tena tuseme ukweli mwingine. Katika siku hizo hizo, Waislamu wengi wa Rwanda waliwaficha majirani zao, pamoja na Wakristo. Kwa hiyo tunaposema kwamba Mkristo atoke nje ya kanisa lake akatumikie, tusidhani kwamba huko nje tutakuta watu wanaongoja tu kupokea. Mara nyingine tutakuta wameshatangulia, wana ndoo ya maji mkononi, kama yule kijana wa kartiye yetu.

Waliokumbuka walikotoka

Mfano mwingine uko mbali na hapa, Ufaransa, katika kijiji cha milimani kinachoitwa Le Chambon-sur-Lignon. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wayahudi walikuwa wanakamatwa na kupelekwa kuuawa. Watu wa kijiji kile wengi walikuwa Waprotestanti. Mchungaji wao André Trocmé na mke wake Magda, pamoja na wakulima na walimu, waliwapokea Wayahudi waliokuwa wanakimbia, watoto wengi kati yao. Waliwaficha mashambani, shuleni, majumbani. Mwaka 1990 taifa la Israeli liliwapa heshima watu wa kijiji hicho na vijiji vya jirani.

Kwa nini wao, wakati vijiji vingine vilifunga milango? Sababu moja inatugusa sisi moja kwa moja. Waprotestanti wale walikuwa wajukuu wa watu waliowahi kuteswa Ufaransa kwa ajili ya imani yao. Nyumbani walisimuliwa jinsi babu zao walivyofichwa na kukimbizwa. Walipomwona Myahudi mlangoni, kumbe walijiona wenyewe.

Wapendwa, kama kuna watu duniani wenye sababu ya kumwona mkimbizi na kujiona wenyewe, si ni sisi?

Lakini sisi tuna nini cha kutoa?

Tunajua mtatuuliza swali hili, kwa sababu hata sisi tulijiuliza. Maisha ya kambi ni magumu. Mwezi wa tatu 2021 WFP, kwa kukosa fedha za wafadhili, ilipunguza posho ya wakimbizi Rwanda kwa asilimia 60, na tangu hapo familia nyingi zimejifunza kugawa sahani moja mara mbili. Mtu asiyeshiba atamlishaje mwingine?

Jibu letu ni kwamba unga ni sehemu ndogo tu. Tuliwauliza wazee wa kartiye yetu ni nini yule mama alikosa katika majuma yake matatu ya mwisho. Wakahesabu hivi: mtu wa kumchotea maji, mtu wa kumsindikiza kituo cha afya, mtu wa kumwashia moto, mtu wa kukaa naye usiku homa ikipanda, mtu wa kumsomea ujumbe kwenye simu. Katika hayo matano, hakuna hata moja linalohitaji fedha. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Tumekubaliana mambo manne, na tunayaweka hapa ili kanisa lolote, au kikundi chochote, kiyachukue kikipenda.

Kwanza, daftari lifuate nyumba, lisifuate kanisa. Tunaanza nyumba ya kwanza ya njia na kumaliza ya mwisho, bila kuruka. Tunauliza maswali mawili tu: nani ni mgonjwa hapa, na nani hana wa kumsaidia. Swali la unasali wapi halimo.

Pili, unga usiwe chambo. Hili tunalisema kwa uchungu, maana tumeliona. Mtu anapewa sabuni leo, kesho anaulizwa mbona hakuja ibadani. Huo si utumishi, ni biashara. Mwenye kutaka kuhubiri ahubiri, uhuru upo, lakini asisimame juu ya njaa ya mtu ndipo ahubiri. Wale watu 43 hawakwenda kwa Félicité kubadilisha dini. Walitafuta mahali pa kujificha, na walichotafuta ndicho alichowapa.

Tatu, twende wawili wawili wa makanisa tofauti. Mpentekoste na Mkatoliki, Madventista na Mwanglikana. Wakifika pamoja mlangoni, mwenye nyumba haogopi kwamba amekuja kuvuliwa kama samaki. Na wao wenyewe njiani watazungumza, watajuana. Kama kuna Mwislamu anayependa kutembea nasi, karibu sana.

Nne, tujifunze pia kupokea. Hili ni gumu kwa wengi. Baba anaona haya kupokea maji kutoka kwa mtu ambaye kanisa lake linasema amepotea. Lakini ukikataa mkono wake, umemwambia kwamba si jirani yako.

Yesu aliulizwa na mwanasheria mmoja, jirani yangu ni nani? Akamsimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Tumesikia hadithi hiyo tangu shule ya Jumapili, na siku zote tulijihesabu upande wa Msamaria. Baada ya yale matanga tumeisoma tena. Kuhani na Mlawi labda hawakuwa watu wabaya. Labda walikuwa na daftari kama letu, wakiwahi nyumba ya tatu.

Kwa wazazi

Habari ya Félicité ina kifo ndani yake, na wazazi wengine wametuuliza kama inafaa kwa watoto. Tunaona inafaa, ila isimuliwe taratibu, na kwa mtoto mdogo usieleze namna walivyouawa. Mwambie tu palikuwa na mama mzee Gisenyi aliyekataa kuwaacha watu waliomkimbilia. Watoto wetu wengi wamezaliwa kambini. Wanajua Goma kwa masimulizi tu. Wanasikia sana kutoka kwetu nani alitufukuza. Wasikie pia nani alifungua mlango.

Mnaweza kuzungumza maswali haya jioni, mkimaliza kula:

Tulipokimbia, nani alitupokea usiku wa kwanza? Je, alikuwa wa kanisa letu, wa kabila letu?

Katika njia yetu hapa kambini, ni nyumba ipi hatujawahi kuingia? Kwa nini?

Juma hili, mtoto anaweza kufanya nini kwa jirani ambaye hasali nasi? Na baba je? Na mama?

Kabla hatujamaliza

Daftari jipya limeshaanza. Ni la kurasa 48, jalada la bluu, tumelinunua kwa mchango wa watu sita wa makanisa matatu. Tulianza mwanzo wa njia kama tulivyokubaliana. Nyumba ya kwanza kabisa ilikuwa ya yule kijana aliyekuwa anamchotea maji marehemu. Hatukuwa tunajua kwamba mama yake ana mguu mbovu tangu mwaka jana na hawezi kwenda bombani. Kijana alikuwa anachota ya nyumba mbili.

Tumeandika jina la mama huyo kwenye mstari wa kwanza. Jumatatu na Alhamisi maji yake yanachotwa na vijana wawili wa kwaya. Wengine wenye nafasi Jumamosi, tafadhali mwone mzee wa njia. Bado siku hiyo haina mtu.